Mita 60 Kabla ya Mchanga: Uchambuzi wa Ajali Moja ya Baiskeli Kigamboni

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi Julai, watu 11 tuliingia baharini upande wa Kigamboni kwa zoezi la triathloni ya nje ya barabara, yaani kuogelea mita 750, kuendesha baiskeli kilomita 20 katika mizunguko miwili ya njia za vumbi, kisha kukimbia kilomita 5. Katika kilomita ya nne ya mzunguko wa kwanza, mwenzetu mmoja, mwanamume wa miaka 36 ambaye ameendesha baiskeli ya barabarani kwa miaka sita, alirushwa mbele ya usukani mahali ambapo mteremko wa udongo mgumu unaishia kwenye mchanga wa korongo kavu. Mtulinga wake wa kushoto, yaani mfupa ulio kati ya shingo na bega, ulivunjika na helmeti ikapasuka upande wa juu ya sikio. Njia niliichora mimi, na baiskeli zote nilizikagua mimi alfajiri ile, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu.

Maelezo yaliyozagaa kati yetu jioni ile yalikuwa mafupi: alishika breki ya mbele kwenye mchanga. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayasaidii kitu, kwa sababu hayasemi kwa nini mtu anayejua vizuri kwamba breki ya mbele haishikwi kwenye mchanga aliishika, wala kwa nini alifika pale akiwa na kasi iliyomlazimu kutafuta breki yoyote ile. Nilipoanza kumhoji, kwanza hospitalini na baadaye nyumbani kwake, niligundua kwamba karibu kila jambo lililomwangusha lilikuwa limekwisha kutokea kabla tairi lake halijagusa mchanga.

Kwa asiyeujua mchezo huu, triathloni ya nje ya barabara ilianzia kisiwa cha Maui, Hawaii, mwaka 1996, katika mashindano ambayo leo yanajulikana kwa jina la XTERRA, na umbali wake kamili uliozoeleka ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli ya milimani kilomita 30 na mbio kilomita 10. Sehemu ya baiskeli ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na ndiyo inayomtaka mtu awe na ustadi wakati mwili wake tayari umechoka. Dar es Salaam haina milima. Vilima vya Pugu ndivyo vilivyo karibu, na bahari haiko huko. Ndiyo maana tulichagua Kigamboni, na ndiyo maana pia wengi wetu tulidhani kwamba sehemu ya baiskeli ingekuwa nyepesi. Mtu aliyezoea kuona hatari katika mawe na majabali hauogopi mchanga, kwa kuwa mchanga unaonekana laini.

Njia niliipima mwishoni mwa Mei. Masika yalikuwa ndiyo kwanza yanaisha, na katika korongo lile, ambalo liko kwenye njia za ndani baada ya kupita Gezaulole, mchanga ulikuwa umelowa na kushindiliwa na maji kiasi kwamba nilipita nikiwa nimekaa kwenye siti, bila kubadili gia. Niliandika kwenye daftari langu maneno mawili: “korongo, rahisi”. Miezi miwili baadaye pepo za kusi zilikuwa zimekausha kila kitu, na pikipiki pamoja na malori ya vifaa vya ujenzi yalikuwa yameuvuruga mchanga ule hadi ukawa na kina cha kiganja kizima, sentimita 15 hivi, wenye mifereji miwili ya matairi na tuta katikati. Mchanga uliolowa hushikamana na kubeba gurudumu. Ukikauka, gurudumu huzama na kila chembe huteleza juu ya mwenzake. Nililijua hilo tangu utotoni, kama anavyolijua kila mtu aliyewahi kutembea ufukweni, lakini sikulihusisha na daftari langu. (Gezaulole kwa Kizaramo ni “jaribu uone”. Utani huo umefanywa kwa gharama yetu mara nyingi tangu siku ile, na sioni kwamba umepitiliza.)

Jambo la pili lilikuwa saa ya kuanza. Tulichagua siku ya maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, ili waogeleaji wachanga wasibebwe na mkondo mkali, na siku za maji mafu katika pwani yetu bahari hujaa kuelekea saa nne asubuhi, tofauti na siku za bamvu, ambapo bahari hupanda na kushuka sana na saa hiyo maji huwa yametoka kabisa. Tulianza kuogelea saa tatu na nusu. Kwa upande wa bahari uamuzi huo ulikuwa sahihi, nami ningeurudia. Hata hivyo ulimaanisha kwamba waendeshaji wangefika korongoni saa nne na ushee, jua likiwa juu na likipenya katika majani ya mikorosho na minazi, na kuifanya njia yote iwe na mabaka ya mwanga na kivuli. Katika mabaka hayo, mchanga mweupe wenye kina na udongo mgumu uliopigwa na jua vinafanana kabisa kwa mtu anayeteremka kwa kasi. Ukiongeza chumvi ya bahari iliyobaki machoni na miwani myeusi ambayo mwenzetu alikuwa ameivaa, unapata mtu ambaye kwa hakika hakuona alikokuwa anakwenda.

Sasa nifike kwenye baiskeli yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na ajali nyingine nilizowahi kuzishuhudia. Mwenzetu hana baiskeli ya milimani. Aliazima ya rafiki yake, baiskeli nzuri ya mtumba iliyotoka Ujerumani, yenye shokapu mbele na breki za diski zinazotumia mafuta. Baiskeli yake mwenyewe ya barabarani ilitoka Uingereza. Katika nchi kama Uingereza na Japani, mkono wa kulia wa usukani huvuta breki ya mbele. Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Huku kwetu, ambako baiskeli za mtumba hutoka pande zote za dunia, mitindo yote miwili inapita barabara moja, na fundi akibadilisha waya huufunga kama alivyoukuta au kama alivyozoea. Miaka sita ilikuwa imeufundisha mkono wa kushoto wa mwenzetu kwamba wenyewe ndio wenye breki ya nyuma, ile isiyo na madhara makubwa ukiivuta kwa pupa. Kwenye baiskeli ya kuazima, mkono huohuo ulikuwa umeshika breki ya mbele.

Je, alikuwa hajui? Alikuwa anajua. Mwenye baiskeli alimwambia, naye aliijaribu kwa robo saa katika uwanja ulio karibu na kwake, na hakuona tatizo lolote. Nilipomuuliza aliijaribu vipi, alisema alizunguka uwanja na kusimama mara kadhaa kwa kushika breki zote mbili kwa pamoja. Jaribio hilo halikuweza kufichua chochote. Mtu anaposhika breki zote mbili kwa nguvu sawa, haijalishi ipi iko mkono gani. Tofauti hujitokeza pale tu anapotaka moja na kuiacha nyingine, na mtu hutaka moja pekee wakati wa hofu, ambapo mkono hausubiri kumbukumbu. Nami katika ukaguzi wangu wa alfajiri nilifanya jambo hilohilo: nilibana breki zote mbili, nikasukuma baiskeli mbele, magurudumu yakagoma kuzunguka, nikamwambia iko sawa. Nilitazama kama helmeti imekaa vizuri, kama ncha za usukani zimezibwa na kama cheni ina mafuta. Sikumuuliza mkono gani unashika nini.

Upepo wa matairi nao niliupitisha kwa kubonyeza kwa kidole gumba, tabia mbaya ya watu waliozoea baiskeli za barabarani. Tulipoupima kwa geji mchana ule, tairi la mbele lilikuwa na paundi 45 kwa inchi ya mraba, na baiskeli haikuwa imeongezwa wala kupunguzwa upepo tangu asubuhi. Kwa mtu wa kilo 82 na tairi pana la inchi 2.1 lenye tyubu, upepo huo unafaa kwenye lami. Kwenye mchanga, tairi gumu hukata kama kisu badala ya kutandaa. Kama lingekuwa na paundi 26 au 28, lingejilaza zaidi, lingegusa eneo kubwa la ardhi na kuelea kidogo juu ya mchanga, ingawa ukizidi kupunguza unajitafutia taabu nyingine ya tyubu kubanwa na ringi kila unapogonga mzizi. Siti pia ilikuwa juu, kwa kipimo kilekile cha baiskeli yake ya barabarani. Siti ya juu humpa mguu nguvu ya kukanyaga, lakini mteremkoni humzuia mwendeshaji kurudisha kiuno nyuma, akabaki ameinamia usukani kama mtu anayechungulia kisima.

Kuhusu mwili wake alipotoka majini sina mengi ya kusema, kwa kuwa yeye ni muogeleaji hodari. Alikiri tu kwamba alipoinuka kutoka baharini alihisi kizunguzungu kwa muda mfupi. Hilo ni la kawaida, kwani mtu amelala kifudifudi kwa dakika 15 au zaidi, kisha anasimama ghafla na kukimbia. Alikiri pia kwamba dakika kumi za kwanza za baiskeli moyo wake ulikuwa juu mno na mikono ilikuwa bado na unyevu. Kilomita tatu za mwanzo ziko tambarare, na angeweza kuzitumia kupumua. Badala yake alizitumia kumkimbiza mwenzake aliyemtangulia kutoka majini, akampata, akajibanza nyuma yake.

Kujibanza huko si kosa kwa kanuni. Triathloni ya nje ya barabara, kwa kanuni za kimataifa, inaruhusu kufuatana kwa karibu, tofauti na mashindano mengi ya barabarani ya watu wa kawaida ambako ukimkaribia wa mbele unaadhibiwa. Kwa kweli nje ya barabara faida ya kukingiwa upepo ni ndogo, kwa kuwa kasi ni ndogo na njia ni nyembamba. Mwenzetu alifanya hivyo kwa mazoea, na mazoea hayo yalimnyima kitu cha thamani kuliko kinga ya upepo, yaani kuiona njia.

Mteremko wenyewe ni mfupi: mita 60 tangu mkorosho mkubwa ulioinama hadi ukingo wa korongo, udongo mwekundu mgumu, umenyooka. Hauna kitu cha kumtisha mtu. Saa yake ya mkononi, inayopima mwendo kwa setilaiti, ilionyesha kwamba alifika chini akiwa na kasi ya kilomita 31 kwa saa. Kwa kasi hiyo mtu anapita karibu mita tisa kila sekunde, na alikuwa nyuma ya mwenzake kwa mita tatu hivi, yaani alikuwa na theluthi moja ya sekunde kati ya kuona gurudumu la mbele yake likiyumba na yeye mwenyewe kuingia palepale. Aliyemtangulia, ambaye ana uzoefu wa njia za namna hii, alikuwa amesimama kwenye pedeli, kiuno nyuma, mikono imelegea, na alipoingia kwenye mchanga aliendelea kukanyaga katika gia nyepesi. Aliyumba, akatoka upande wa pili. Mwenzetu alikuwa amekaa, katika gia nzito, vidole viko kwenye breki. Gurudumu la mbele lilipozama, mwili ulisogea mbele wenyewe. Akaogopa, akataka kupunguza mwendo taratibu kwa breki ya nyuma, akabana mkono wa kushoto. Gurudumu la mbele likafunga, likajichimbia, baiskeli ikasimama, yeye akaendelea.

Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa ameegesha pikipiki chini ya mkorosho kusubiri abiria aliona yote. Nilipopanda kule juu kuongea naye baada ya mgonjwa kuondoka, alinionyesha ardhi kwa mguu wake. Palikuwa na michirizi ya matairi ya pikipiki mahali pamoja, hatua chache kupita mkorosho, michirizi mingi iliyopishana. “Kaka, sisi breki tunashika hapa,” alisema. “Ukifika kule chini huna breki tena.” Nilikuwa nimepita hapo mara tatu kwa ajili ya kupima njia, na michirizi ile ilikuwa imeandikwa ardhini kila mara.

Hesabu inamuunga mkono. Kutoka kilomita 31 hadi 18 kwa saa, kwa breki za kawaida zinazoshikwa kwa upole, unahitaji mita 12 hadi 15 za udongo mgumu, na mteremko ule una mita 60. Nguvu ya mwendo inayobaki katika kilomita 18 kwa saa ni karibu theluthi moja tu ya ile ya kilomita 31, na kwa kasi hiyo mchanga wenyewe unamaliza kazi bila breki yoyote. Juu kwenye udongo mgumu, breki ya mbele ndiyo rafiki mkubwa, kwa sababu uzito unapohamia mbele tairi la mbele hushika ardhi zaidi, na hata kama mwenzetu angechanganya mikono pale juu, asingedhurika. Breki zilizopishana mikono, tairi gumu na siti ya juu vyote vingevumilika kama kasi ingekuwa imepunguzwa kabla ya ukingo. Kasi hiyo haikupunguzwa kwa sababu hakujua kwamba kuna ukingo, na hakujua kwa sababu mimi niliandika “korongo, rahisi” na kuwasomea watu wote maneno hayo ufukweni.

Yaliyofuata baada ya kuanguka yalikuwa na upungufu wake. Alisimama mwenyewe, akashika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia na kuubana kifuani, mkao ambao aliyewahi kuona mtulinga uliovunjika huutambua kwa mbali, kisha akasema anataka kuendelea. Mmoja wetu, kwa nia njema, alimshika mkono uleule ulioumia ili amvute kutoka mchangani. Aliyemzuia alikuwa mama mmoja muuza madafu, aliyepaza sauti kutoka ng’ambo ya korongo: “Uacheni huo mkono, wanangu!” Ndiye pia aliyetoa khanga tuliyoikunja pembe tatu na kumfungia mkono shingoni. Tulimuuliza jina, siku na mahali alipo, akajibu vizuri, tukamuuliza kama shingo inauma, akasema hapana, hakutapika. Helmeti iliyopasuka ilitosha kutufanya tumkatalie kuendelea hata kama mkono ungekuwa mzima.

Wakati sisi tumemzunguka, waendeshaji wengine wawili walikuja kwa kasi ileile kwenye mteremko uleule, na mmoja alikwepa miguu ya mgonjwa kwa kujitupa kichakani. Hakuna aliyekuwa amepanda juu kuwasimamisha. Nilipozitazama tena saa za watu baadaye, niliona kwamba dakika tatu nzima zilipita kabla mtu hajapewa kazi hiyo, na hilo linanisumbua kuliko mtulinga. Gari letu la huduma, saluni ndogo, lilikwama mita 400 kabla ya kufika, kwenye mchanga wa aina ileile; mgonjwa akatembea hadi kwenye gari, nasi tukasukuma. Hospitalini eksirei ilionyesha mvunjiko mmoja usiohitaji upasuaji, akafungwa mkono kwa wiki sita.

Mabadiliko tuliyoyafanya tangu hapo si mengi. Njia sasa inapimwa siku moja kabla, kwa miguu, na mahali popote panapobadilika kutoka ardhi ngumu kwenda laini panachorwa mstari wa chokaa mita 25 nyuma yake, ukimaanisha kwamba breki zinaisha hapo, gia inashushwa hapo, na mtu anayefuata anajitenga na wa mbele wake. Baiskeli ya kuazima hairuhusiwi kuingia mpaka mwenye kuiendesha asimame mara kumi kwa breki ya nyuma peke yake mbele ya mkaguzi, na mshikio wa breki ya mbele unafungwa utepe mwekundu. Upepo unapimwa kwa geji. Siti inashushwa sentimita mbili au tatu, na anayelalamika kwamba anapoteza nguvu anaambiwa avumilie. Juu ya kila mteremko unaoishia pabaya anakaa mtu mwenye filimbi. Kijana wa bodaboda ndiye aliyepewa filimbi ya kwanza, kwa malipo, na ametuonyesha sehemu nyingine mbili ambazo daftari langu lilikuwa limeziita rahisi.

Mmoja wa wenzetu alipendekeza korongo liondolewe kabisa kwenye njia. Nilikataa, na bado wapo wanaoniona mkaidi. Njia za Kigamboni zote zina mchanga. Tukiuondoa huu tutaukuta mwingine ambao hatujauwekea chokaa, tena bila mtu wa kupiga filimbi. Nilichokubali ni kwamba yeyote anayetaka kushuka na kukokota baiskeli pale afanye hivyo bila kuulizwa, kwani kukokota mita 20 za mchanga kunamgharimu mtu sekunde chache tu.

Mwenzetu alirudi katikati ya Septemba kuangalia, bila baiskeli. Tulisimama pamoja chini ya mkorosho, akateremka kwa miguu taratibu huku amenyoosha mikono yote miwili mbele kana kwamba ameshika usukani, na alipofika kwenye mstari wa chokaa akakunja vidole vya mkono wa kushoto, akavitazama, kisha akavikunjua. Mvua za vuli zilianza wiki nne baadaye. Chokaa imefutika, mchanga umeshikamana tena, na juzi nimeona maji yamekata mfereji mpya upande wa kulia wa njia, kwa hiyo Ijumaa nitakwenda kuupima upya.